Vitenzi vya Mawasiliano Katika Wasifu: Mfano wa Olbalbal

Katika matangazo ya nafasi za kazi yatolewayo nchini, ni chache ibara zilizozoeleka kama hii: “mwombaji awe na uwezo mzuri wa mawasiliano.” Waombaji nao, wakijibu tangazo, huirudisha ibara hiyo hiyo kama walivyoipokea: “nina uwezo mzuri wa mawasiliano.” Mwajiri ameuliza, mwombaji amejibu, na baina yao hakuna habari yoyote iliyopita. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kosa hili si la adabu ya uombaji kazi peke yake. Ni kosa la matumizi ya vitenzi, na Kiswahili kinayo dawa yake ndani ya sarufi yake chenyewe.

1. Neno wasifu

Hati tunayoizungumzia huitwa kwa majina kadha: maelezo binafsi, wasifu, na siku hizi wasifukazi. Tutatumia wasifu, kwa kuwa neno lenyewe lina funzo. Wasifu na sifa ni maneno yaliyotokana na shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kueleza kitu jinsi kilivyo. Katika Kiswahili shina hilo lilichukua njia mbili. Kitenzi kusifu kilielekea kwenye kutukuza, na nomino wasifu ikabaki karibu na maana ya kueleza. Mwombaji asiyeziona njia hizi mbili huingia ya kwanza akidhani yumo katika ya pili. Hujisifu badala ya kujieleza.

Mila zetu hazipendi majisifu. Husemwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa sababu hiyo waombaji wengi, hasa waliolelewa vijijini, huona haya kuandika “nilifanya hili na lile”, wakajificha nyuma ya kauli ya kutendwa: “mikutano iliendeshwa”, “wananchi walielimishwa”. Msomaji hawezi kujua ni nani aliyeendesha wala ni nani aliyeelimisha. Lakini mila hizo hizo zina usemi mwingine, kwamba muungwana ni kitendo. Anayetaja kitendo chake kama kilivyotendeka, bila kukipamba, hajajisifu. Amejieleza.

2. Neno mawasiliano

Tukilifumua neno mawasiliano tutaona hivi. Kitenzi cha asili ni kuwasili, yaani kufika. Kikipata kiambishi cha kutendesha huwa kuwasilisha, yaani kufikisha. Kikipata kiambishi cha kutendana huwa kuwasiliana, yaani kufikiana. Nomino mawasiliano imejengwa juu ya umbo hili la mwisho. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sarufi, hapana mawasiliano ya upande mmoja. Aliyebandika tangazo ubaoni na kuondoka amewasilisha, hajawasiliana.

Tofauti hii hupuuzwa mno maofisini. Tunasoma kwamba mtumishi fulani “aliwasiliana na wananchi”, ilhali alichofanya ni kuwasomea waraka. Tunasoma pia kwamba “alifanya mawasiliano”, ibara ambayo haisemi kitu: je, alipiga simu, aliandika barua, alihutubia, au alikaa na kusikiliza?

3. Vitenzi vitupu

Tunaviita vitupu vitenzi vinavyosimama mbele ya nomino bila kuongeza maana, na kwa kufanya hivyo huificha kazi yenyewe. Vinavyotumika zaidi katika wasifu ni kufanya, kutoa, kuhusika na kushughulika. Tulinganishe:

(a) “Nilifanya usuluhishi” na “nilisuluhisha”.
(b) “Nilitoa elimu kwa wakulima” na “niliwaelimisha wakulima”.
(c) “Nilihusika katika uandishi wa taarifa” na “niliandika taarifa”.
(d) “Nilishughulika na malalamiko” na “nilipokea malalamiko, nikayachambua, nikayajibu”.

Katika jozi (a) na (b) kitenzi kamili kimefupisha sentensi. Katika jozi (c) na (d) kimefanya zaidi ya hayo, kwani kimemlazimisha mwandishi kusema kweli. Aliyehusika katika uandishi wa taarifa huenda aliiandika yote, huenda alipeleka karatasi kwa mpiga chapa. “Niliandika” haimwachii nafasi hiyo.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Si kila kitenzi kinachotangulia nomino ni kitupu. Kupiga simu, kupiga kura na kutoa ushahidi ni misemo kamili ya Kiswahili. Kutoa ushahidi si sawa na kushuhudia, kwani mtu aweza kushuhudia ajali na asiitwe mahakamani kamwe. Kipimo ni kimoja: iondoe nomino, weka kitenzi chake, ikiwa maana imebaki au imeongezeka, basi kile cha kwanza kilikuwa kitupu.

Kiswahili kina utajiri hapa ambao watafsiri wengi huusahau. Chukua kitenzi kuelea, katika maana ya jambo kuwa wazi kwa mtu, kama tusemavyo “neno hili limenielea”. Kutokana nacho tumepata kuelewa, na kwa kutendesha tumepata kueleza, yaani kulifanya jambo liwe wazi kwa mwingine. Kisha tunapata kuelezea, kuelezana, kueleweka, kuelewana, kuelewesha. Chukua kusikia, nacho hutupa kusikika, kusikiliza, kusikilizana. Kila umbo lina idadi yake ya watendaji na matokeo yake. Mwenye kuandika “nilieleza” amedai kwamba jambo lilikuwa limefumbika naye akalifumbua. Mwenye kuandika “tulielewana” amedai zaidi ya hapo, naye awe tayari kuulizwa mlielewana juu ya nini.

4. Mfano wa Olbalbal

Ili hoja isielee hewani, tuishushe mahali. Olbalbal ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro. Ni bonde pana lililo chini ya nyanda za juu za kreta, upande wa mlima Olmoti, ambako maji ya Bonde la Olduvai huishia wakati wa mvua. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kimaasai. Jina la bonde hilo la jirani ni somo kwa kila mtafsiri. Neno la Kimaasai ni oldupai, yaani mkonge pori. Wageni walilisikia vibaya, wakaandika Olduvai, na kosa hilo likaenea duniani pamoja na habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana huko mwaka 1959. Walioandika walisikia. Laiti wangalisikiliza.

Tuchukulie sasa kijana wa Olbalbal aliyemaliza kidato cha nne, ambaye amepanda gari hadi Karatu kuchapisha wasifu wake katika steshenari. Anaomba kazi ya uhudumu wa ofisi au ya ukarani. Chini ya kichwa “Ujuzi wa Mawasiliano” ameandika:

“Nina uwezo mzuri wa mawasiliano. Nilihusika katika shughuli za jamii. Nilifanya mawasiliano na wafugaji.”

Mwajiri atalisoma hilo kwa nukta mbili na kuliweka kando, kwani wasifu mia moja nyingine zinasema vivyo hivyo. Lakini tukimhoji kijana huyu tutaona kwamba amefanya kazi ambazo wahitimu wengi wa mijini hawajazifanya. Basi na aandike:

“Nilikalimani katika kliniki ya mama na mtoto, kutoka Kimaasai hadi Kiswahili na kutoka Kiswahili hadi Kimaasai. Niliandika mihutasari ya mikutano ya kijiji na kuisoma mbele ya wanakijiji ili waithibitishe. Niliwaeleza wafugaji ratiba ya chanjo ya mifugo, nikapokea maswali yao na kuyafikisha kwa afisa mifugo.”

Hakuna sifa hata moja iliyotajwa hapo. Neno “mzuri” halimo. Lakini kila kitenzi kina mtenda, kina mtendewa, na kinaweza kuthibitishwa kwa kuuliza kliniki, ofisi ya kijiji au afisa mifugo. Huo ndio uzito wa kitenzi tunaoukusudia.

Wasomaji wataona kwamba tumeandika kukalimani, si kutafsiri. Katika mazungumzo ya kawaida kutafsiri hutumika kwa yote mawili, na hatuoni ubaya. Lakini katika hati rasmi yafaa kuyatenga: kutafsiri kubaki kwa maandishi, kukalimani kwa mazungumzo. Mwenye kukalimani mbele ya mgonjwa na mganga hana nafasi ya kufungua kamusi, na ujuzi huo ustahili jina lake.

Jamii yenyewe ya Olbalbal haikosi istilahi za mambo haya. Rika la Kimaasai huwa na kiongozi na msemaji wake, olaiguenani, ambaye katika Kiswahili cha kaskazini huitwa laigwanani. Kazi yake haiwezi kufupishwa kwa “mawasiliano”. Husikiliza mashauri, huwasemea wenzake, hupatanisha, huhitimisha kikao kwa neno ambalo wengi watalikubali. Mtu aliyekulia katika vikao vya namna hiyo, kisha akaandika tu “nina uwezo wa mawasiliano”, amebadilisha ng’ombe kwa kamba yake.

5. Uzito na ukweli

Kuna hatari moja ambayo lazima tuitaje. Wapo washauri wa waombaji kazi wanaofundisha kwamba kitenzi kikubwa hushinda kidogo. Basi aliyehudhuria mkutano anaandika “niliongoza”, aliyearifu anaandika “nilihamasisha”, aliyesoma waraka anaandika “niliwashirikisha wananchi”. Huo si uzito. Ni uzushi uliovaa kitenzi. Vitenzi hivi vina mipaka, na mingine imewekwa na sheria.

Tutoe mfano wa kuamua, kusuluhisha na kupatanisha. Kuamua ni kutoa hukumu. Kusuluhisha ni kuwaongoza wagomvi hadi kwenye suluhu. Kupatanisha ni kurudisha mapatano baina ya watu wenyewe. Mabaraza ya Kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Kwa marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata liliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, likabakiwa na kazi ya kusuluhisha. Kwa hiyo mjumbe wa baraza hilo anayeandika katika wasifu wake kwamba mwaka 2023 “aliamua migogoro ya ardhi” amejipa mamlaka ambayo sheria haikumpa. Akiandika “nilisuluhisha” amesema kweli, na wala hajapungukiwa na heshima.

Mfano wa pili unagusa Ngorongoro moja kwa moja. Mwaka 2022 ulianza mpango wa wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro kuhamia Msomera, wilayani Handeni. Katika maandishi juu ya mpango huo tumesoma vitenzi vitatu: wamehama, wamehamishwa, wamehamasishwa. Viwili vya kwanza ni vya mzizi mmoja, lakini katika cha kwanza mtenda ni mwananchi, na katika cha pili mtenda ni mwingine aliyefichwa na kauli ya kutendwa. Cha tatu kina mzizi wake mbali, hamasa, ingawa sikio laweza kudhani ni ndugu wa viwili hivyo. Makala haya hayakusudii kuamua ni kitenzi kipi kinachostahili kwa familia ipi. Hilo wanalijua wenyewe waliofunga mizigo. Tunasema tu kwamba mtumishi anayeandika taarifa, na baadaye akaibeba taarifa hiyo katika wasifu wake, hana ruhusa ya kuchagua kitenzi kwa kupendeza kwake. Aliyeeleza aandike alieleza. Aliyeshauriana aandike alishauriana, naye awe na majibu ya waliomshauri. Kitenzi kikikosewa hapa, si mwombaji mmoja tu anayekosa kazi. Jamii nzima husomeka vingine katika majalada ya nchi.

6. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Ibara “ujuzi wa mawasiliano” ibaki kuwa kichwa cha sehemu tu, si sentensi ya kujieleza. Chini yake vije vitenzi.

(b) Watayarishaji wa matangazo ya kazi waitaje kazi yenyewe. Badala ya “awe na uwezo mzuri wa mawasiliano”, waandike “aweze kuandika mihutasari, kupokea wageni na kuwaeleza taratibu za ofisi”. Tangazo likitumia kitenzi, mwombaji naye atajibu kwa kitenzi.

(c) Walimu wa Kiswahili wanapofundisha barua za kuomba kazi wazifungamanishe na somo la mnyambuliko wa vitenzi. Mwanafunzi hujifunza kutendea, kutendana na kutendesha kama orodha ya kukariri. Hapa ataona kwamba umbo moja laweza kumpa au kumnyima kazi.

(d) Watafsiri wa nyaraka za utumishi wasitosheke kuhamisha nomino kwa nomino. Waulize kwanza nani amemtenda nani nini, kisha watafute kitenzi.

(e) Vitenzi vya jamii ya kueleza, kukalimani, kusuluhisha, kushauriana na kushirikisha vitolewe fasili zinazotenganisha mipaka yake, pamoja na mifano ya kiofisi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wakati nchi ilipotaka shughuli za Serikali ziendeshwe kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa. Tangu hapo istilahi nyingi zimeundwa, na nyingi kati yake ni nomino, kwa kuwa nomino ndizo zinazoombwa. Vitenzi vimeachwa vijitafutie njia. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu na makarani walio katika wilaya za pembezoni, watuletee mifano ya vitenzi wanavyovikuta katika barua za waombaji na katika mihutasari ya vijiji. Huko ndiko kazi ya kusema na kusikiliza inakofanyika kila siku, na huko ndiko tutakakovipata vitenzi vyake.