Aje Kabla ya Msingi

Watu wa ubanisme, yaani mipango ya mji, wakionekana kwenye avenyu yoyote ya Uvira, mashariki mwa Kongo, fundi hufunika mchanga kwa turubai na mwenye nyumba hutoweka. Hubaki bibi mmoja mlangoni, wa kusema kwamba hajui lolote. Kazi yao haina marafiki. Sijawahi kusikia harusi ambapo afisa wa vibali vya ujenzi aliitwa mbele apigiwe makofi, na mwaka mpya ukifika hakuna anayempelekea hata kuku. Mimi nataka kuwasifu, na nitaanzia mbali na ofisi zao, huko juu Bijombo, ambako hakuna avenyu wala kibali, lakini kazi yenyewe ipo tangu zamani.

Bijombo ni gurupema, yaani kundi la vijiji, ya usheferi wa Bavira, kwenye nyanda za juu nyuma ya mji. Huko ni baridi, ukungu, nyasi na ng'ombe, na Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu na Bavira wamekaa wakipakana mlima kwa mlima. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973, inasema kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Taifa. Kisha, katika ibara ya 389, inaahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanayoishi kwa mila zitapangwa kwa amri ya Rais. Mobutu akaondoka, Kabila baba akaja, mwana akafuata, naye akampisha mwingine. Nusu karne ikatimia, amri haijatoka. Basi kati ya ibara hiyo na ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi, kumekuwa na mtu mmoja amesimama.

Huenda ni mjumbe wa shefu, au mzee wa kijiji, au mwanakamati aliyechaguliwa na wafugaji pamoja na wakulima. Hana kofia ya serikali. Kazi yake ni kujua mahali gani ni pa jembe, mahali gani ni pa malisho, ng'ombe wapite wapi kwenda kunywa maji, na yote hayo kwa msimu gani. Maana huko juu matumizi ya ardhi hubadilika na mvua: bonde ambalo Machi ni la maharage, mavuno yakishatoka laweza kuwa la ng'ombe. Kiangazi kikiingia, nyasi za juu hukauka na makundi huteremka kutafuta malisho mabichi, mengine yakifika hadi Fizi. Mvua zikianza, hurudi. Mkulima aliyechelewa kuvuna na mchungaji aliyewahi kuteremka watakutana tu. Mtu wetu anatakiwa awe amekwisha kupita siku kadhaa kabla, akimwambia huyu harakisha na yule ngoja.

Akiwa ameitwa baada ya shamba kuliwa, mtazame vizuri, maana hapo ndipo ufundi unapoonekana. Haanzi kwa kuuliza ng'ombe ni wa nani. Anajua kwamba swali la kwanza likiwa la mwenye mali, jibu litakuwa la kabila, na baada ya jibu hilo hakuna atakayesikiliza tena habari za mahindi. Anaanza na ardhi. Anachuchumaa penye nyayo: kingo zake bado kali, au mvua ya jana imekwisha kuzilainisha? Anainua shina moja moja: limeng'atwa na meno, limekanyagwa, au limekatwa kwa panga usiku ili hasara ionekane kubwa? (Ndiyo, hayo hutokea, na wanaoyafanya hawajui kwamba panga huacha mkato safi ambao ng'ombe hana uwezo nao.) Halafu anapima eneo kwa hatua zake mwenyewe, akiwachukua mkulima upande huu na mchungaji upande ule, wahesabu wote watatu kwa sauti. Wakifika mwisho wa shamba, idadi imekwisha kuwa ya wote, na ni vigumu mtu kukana namba aliyoitamka kwa kinywa chake. Baada ya hapo tu ndipo yanakuja yale maswali mawili mabaya: wewe, kwa nini umelima hadi ndani ya njia ya ng'ombe? Na wewe, siku ile nani alikuwa akichunga, mtu mzima au mtoto?

Sitaki kuipamba hali. Wafugaji wamelipa itulo kwa machifu kwa ajili ya malisho, na malipo hayo yenyewe yamekuwa chanzo cha ugomvi. Kisha katika miaka hii tangu 2017 vijiji vingi vya Bijombo na jirani vimechomwa, mifugo imeporwa kwa maelfu, na watu wamekimbia. Penye bunduki, mtu mwenye fimbo na kumbukumbu hana pa kusimama. Lakini angalieni ni nini kilikufa kwanza: ilikufa ile desturi ya kupita kabla.

Baadhi ya waliokimbia waliteremka Uvira. Sasa Uvira ni mji uliobanwa, milima ya Mitumba mgongoni na ziwa Tanganyika miguuni, na mito inayoshuka kwa kasi ikiukata vipande: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Mgeni asiye na kitu atauziwa nini? Atauziwa parseli ya bei nafuu, na parseli ya bei nafuu ni ile ambamo mto umewahi kulala. Usiku wa kuamkia Aprili 17, 2020, Mulongwe ulirudi mahali pake. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba zikaondoka au zikajaa mawe na tope. Waliokufa walihesabiwa. Aliyekatazwa kujenga pale mwaka uliotangulia, akamtukana afisa, akaenda kupanga chumba kwingine na kuamka salama, huyo hakuna aliyemhesabu, na hata yeye mwenyewe huenda bado anamlaani yule afisa.

Ziwa nalo lina tabia yake. Sheria ile ile ya 1973 inaiweka sakafu ya kila ziwa na kila mto katika mali ya umma. Vizuri, lakini sakafu ya Tanganyika inaishia wapi, ikiwa ziwa lenyewe husogea? Mwaka 1964 lilipanda sana. Likashuka, watu wakasahau, wakajenga. Likaanza kupanda tena, na mwaka 2024 maji yalikuwa vyumbani kwa watu huku na ng'ambo. Burundi, katika sheria yake ya maji ya 2012, wameandika kwamba meta 150 kutoka Tanganyika ziachwe wazi. Tanzania wameandika 60 tangu 2004. Namba hizo ni nzuri kwa sababu anayepima hahitaji kubishana. Lakini afisa hodari haridhiki na dekameta peke yake. Anatafuta mstari wa matope kwenye ukuta wa zamani, anauliza mzee wa mtaa mitumbwi ilikuwa ikifungwa wapi alipokuwa kijana, kisha ndipo anavuta kamba.

Najua mtakalosema: hao ndio wanaopokea bahasha. Wapo, na ubaya wao una namna yake. Mla bahasha haji siku ya msingi, maana msingi hauna bei. Anangoja ukuta ufike kwenye lenta, mwenye nyumba awe amekwisha kukopa na kuuza ng'ombe, ndipo aje na rangi nyekundu kuchora msalaba. Wakati huo kubomoa ni msiba, na msiba hununuliwa. Kwa hiyo mimi humpima afisa kwa tarehe: alikuja lini? Aliyekuja siku ya kamba na vigingi ni fundi. Aliyekuja siku ya mabati ni mfanyabiashara. Na serikali inayomweka mtumishi miaka mingi bila mshahara, kama ilivyo kwa wengi katika nchi yetu, isishangae akijifunza biashara.

Wewe unayetafuta parseli Kilibula au Kalundu mwaka huu, usingoje akufumanie. Mwite kabla hujanunua hata tofali moja. Mwambie akuonyeshe maji yalifika wapi 2020, na wazee wakuonyeshe ya 1964. Akikukatalia, mwambie aandike, atie sahihi na tarehe. Uichukue karatasi hiyo, na risiti ya kila faranga uliyomlipa.