Mizunguko Mitatu kwa Mguu Mmoja

Kwa fundi mbao yeyote pale Bunda, ukisema unataka mbao ya mbili kwa nne hakuulizi mara ya pili. Ilaze kwa ubapa wake, na sehemu utakayoikanyaga ina upana wa inchi 4, karibu sawa na sentimita 10. Huo ndio upana wa boriti wanayoshindania wanawake wa jimnastiki duniani kote. Ya mashindano ina urefu wa mita 5 na husimama sentimita 125 kutoka sakafuni. Yangu ni fupi kuliko hiyo na imelala juu ya matofali nyuma ya darasa, ili anayeanguka aangukie nyasi. Niliinunua kwa sababu ya msichana aliyezaliwa Entebbe.

Betty Okino alizaliwa huko Uganda Juni 1975, baba Mganda na mama Mromania, akakulia Marekani. Ukisimama Mwigobero hapa Musoma, ukaelekeza uso kaskazini-magharibi, Entebbe iko ng'ambo ya maji haya haya. Nawaambia wanafunzi wangu jambo hilo kabla sijawaambia lolote kuhusu medali, kwa sababu wakisikia "bingwa wa Marekani" wanamweka mbali, na wakisikia ziwa wanamleta karibu. Jina lake limo katika kanuni za kimataifa za jimnastiki: "Okino" ni mzunguko kamili mara tatu, nyuzi 1080, kwa mguu mmoja juu ya boriti. Leo nataka kueleza mzunguko huo ulivyofanyika, mwili ulifanya nini na kwa nini haukuanguka. Sifa zimeandikwa nyingi, ila kazi yenyewe ya miguu na mabega haielezwi mara nyingi.

Kwanza tuone alikuta nini. Wanawake waliingizwa katika jimnastiki ya Olimpiki mwaka 1928, Amsterdam, na Wamarekani hawakuwamo. Timu yao ya kwanza ilifika Berlin mwaka 1936, ikawa ya 5. Medali za mwanamke mmoja mmoja hazikuwapo. Kwa wanawake zilianza Helsinki mwaka 1952. Mwaka 1948, London, timu ya Marekani ikachukua shaba, halafu ikapita miaka 36 kabla ya medali nyingine ya timu. Katikati ya ukame huo, mwaka 1970, Cathy Rigby alipata fedha ya dunia, na akaipata kwenye boriti. Ilikuwa medali ya kwanza ya Mmarekani mwanamke katika mashindano ya dunia.

Kwa wasichana weusi mlango ulifunguka kwa shida zaidi. Luci Collins aliteuliwa katika timu ya Olimpiki ya 1980, lakini Marekani ikasusia Moscow. Sisi wa Mara tunaikumbuka Moscow kwa namna nyingine, maana huko ndiko Suleiman Nyambui wa Majita alikotwaa fedha ya mita 5,000. Mwaka mmoja, michezo ile ile, kijana wa kijijini Majita anapanda jukwaani na mwenzake wa Marekani anaitazama nafasi yake ikipita akiwa nyumbani. Mwaka 1983 Dianne Durham akawa bingwa wa taifa wa Marekani, mweusi wa kwanza. Mwaka uliofuata jeraha likamzuia kwenda Los Angeles. Ndiyo maana shaba ya timu ya Barcelona 1992 ina uzito wake. Okino na Dominique Dawes walikuwa wanawake weusi wa kwanza wa Marekani kuvaa medali ya Olimpiki ya jimnastiki.

Sasa turudi kwenye ubao.

Wengi wakimwona mtu akizunguka kwa mguu mmoja hudhani kasi ndiyo inayomsimamisha, kama pia ya watoto: ichape izunguke, itasimama yenyewe. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka. Lakini piga hesabu. Pia ni fupi, ina tumbo pana, na huzunguka kwa kasi kubwa mno. Mwili wa mtu ni mrefu na mwembamba, na ili usimamishwe na kasi peke yake ungehitaji kuzunguka makumi ya mara kwa sekunde moja. Hakuna binadamu awezaye. Anayezunguka mara tatu kwenye boriti yuko, kwa upande wa mizani, karibu sawa na anayesimama kimya kwa ncha ya mguu mmoja. Kasi haimsaidii kusimama. Kinachomsaidia ni kuanza akiwa amenyooka, na kumaliza kabla kosa dogo la mwanzo halijakua.

Na kosa hukua upesi. Mwili wa kimo cha Okino ukiinama kidogo tu bila kurekebishwa, mwinamo huo huzidi mara tatu na zaidi kila nusu sekunde. Kwa hiyo kiasi kikubwa cha mzunguko wa tatu huamuliwa kabla hata wa kwanza haujaanza, wakati miguu yote miwili ingali juu ya ubao.

Tazama miguu hiyo. Mmoja uko mbele, mwingine nyuma, yote katika mstari mmoja, maana ubao hauruhusu vinginevyo. Anayefundishwa kwenye uwanja wa udongo huona huo ni ufinyu. Kwa kuzunguka, ni faida. Ili mwili uanze kugeuka, mguu wa nyuma lazima usukume ubavuni, na wa mbele usukume upande wa pili, na nafasi iliyo kati ya nyayo mbili ndiyo mpini wa kugeuzia. Ni kama kufungua nati kwa spana: mpini mrefu, kazi nyepesi. Ukiisogeza miguu ikakaribiana unakuwa na mpini mfupi. Ukiitanua mno, uzito unabaki katikati, na unalazimika kuuvuta mbele wakati ule ule unaojigeuza, ndipo mwili unapoinama. Mcheza boriti hodari hupeleka uzito mbele kwanza, karibu wote, kisha mguu wa nyuma unasukuma ukiwa umebakiwa na uzito kidogo. Akishaachia ubao hapati msukumo mwingine. Alichokusanya pale ndicho atakachotumia kwa mizunguko yote mitatu.

Hapo ndipo mikono inapoingia. Ilikuwa wazi, sasa inavutwa kifuani au juu ya kichwa, karibu na mhimili wa mwili, na mguu ulio huru unakunjwa. Mzunguko ule ule uliokuwa umetawanyika kwenye viungo virefu unabanwa mahali padogo, na kasi inapanda bila mtu kusukuma chochote. Kwa mtu wa viungo virefu tofauti kati ya kufungua na kufunga ni kubwa zaidi. Okino alikuwa na viungo hivyo. Miongoni mwa wenzake wa timu, watoto wafupi walioshikana kama ngumi, yeye alionekana mrefu, mwenye shingo na mapaja ya mcheza densi. Kwa kuruka na kujipindua hewani urefu ni mzigo, na kocha anayetafuta sarakasi ya hewani humpendelea mfupi. Kwa kuzunguka juu ya ncha ya mguu mambo hugeuka.

Jaribu mwenyewe. Simamisha kalamu wima kwenye kiganja: inaanguka kabla hujaielekeza. Sasa simamisha mchi wa kutwangia. Mchi unakupa nafasi ya kuusoma unakoelekea na kuufuata kwa mkono. Kitu kirefu huanguka polepole kuliko kifupi. Tofauti kati ya msichana mrefu na mfupi si kubwa kama ya mchi na kalamu, ni asilimia chache tu. Lakini kwa kuwa kosa hukua kwa kujizidisha, asilimia chache mwanzoni huwa kitu kikubwa mwishoni mwa mzunguko wa tatu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya "Okino": kimo ambacho kwenye vifaa vingine kilimgharimu, hapa alikigeuza kuwa muda.

Kuna mguu wenyewe uliosimama. Lazima awe juu ya vidole, kisigino kimeinuliwa. Sababu ni nyepesi: mwili ukifika robo ya mzunguko unyayo unakatiza ubao, na unyayo uliolala una urefu unaozidi mara mbili upana wa ubao. Kisigino na vidole vingening'inia nje, na ngozi ingekwaruza kingo. Akipanda juu, kinachogusa ni ile sehemu nene iliyo nyuma ya vidole, pana kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Msuguano unapungua, mzunguko unadumu. Anacholipia ni kwamba mstari wa uzito wake lazima upite ndani ya duara hilo dogo. Misuli ya kifundo cha mguu inafanya kazi ambayo mtazamaji hawezi kuiona, ikisahihisha mara kwa mara, kila sahihisho dogo kuliko upana wa ukucha.

Juu ya yote kuna kichwa. Wanawake wanaoshusha ndoo za dagaa pale Mwigobero, wakipita kwenye ubao kutoka mtumbwini, wanaelewa nusu ya jambo hili: macho hayatazami chini, yanashika kitu kimoja mbele na shingo haitikisiki. Kwa kuzunguka kuna nusu nyingine. Macho hushika mwisho wa boriti, mwili unageuka, kichwa kinabaki nyuma hadi shingo inakataa, kisha kinapigwa haraka kuzunguka na kuupata mwisho ule ule kabla mwili haujafika. Hufanya hivyo mara tatu, ili ubongo upate kila mara picha moja isiyosogea badala ya dunia inayopita kama mto. Kichwa ni kizito. Kikichelewa au kikiinama, kinavuta bega, bega linavuta nyonga, na msichana anajikuta chini.

Kusimama ni kazi kubwa kuliko kuanza, na ndipo ninapompenda Okino kuliko popote. Mizunguko mitatu kamili inamrudisha akitazama alikoanzia, ubao ukiwa mbele yake, mahali pa kuweka mguu wa pili papo. Akipungukiwa robo anatazama pembeni, na mbele yake kuna hewa tupu. Akizidisha robo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo lazima afunge breki mahali hasa. Anafungua mikono, kasi inashuka. Anashusha kisigino, na sehemu inayogusa ubao inaongezeka ghafla pamoja na msuguano. Akishusha mapema kisigino kinakanyaga hewa. Enzi hizo kuanguka kulikatwa nusu alama nzima katika hesabu ya 10, na medali zilitenganishwa kwa sehemu ndogo mno za alama. Kuuweka mzunguko kama huo katika shindano kulihitaji moyo.

Moyo huo ulimzalishia matunda haraka. Mwaka 1991 alishinda American Cup, na Septemba mwaka huo, Indianapolis, akapata shaba ya dunia kwenye boriti pamoja na fedha ya timu. Mwaka uliofuata, Paris, akatwaa fedha ya dunia kwenye vyuma viwili. Alikuwa akifundishwa Houston na Béla Károlyi, yule aliyemfundisha Nadia Comaneci huko Romania. Lakini mwili ulikuwa unamdai. Kiwiko kiliumia, mgongo ukaumia, na kabla ya Barcelona hakuweza kushindana kwenye mchujo wa taifa. Alikwenda Olimpiki akiwa na umri wa miaka 17, na mgongo usiopona sawasawa, akaingia fainali ya boriti na kushika nafasi ya 6. Nikisoma habari hiyo sishangilii tu. Uti wa mgongo wa mtoto wa miaka 17 si kifaa cha mazoezi, na kocha anayeutumia hivyo anachukua kitu ambacho hakirudishwi.

Hapa kwetu hatuna boriti katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Tuna halaiki za sherehe za taifa, tuna sarakasi ambazo vijana wetu wa miaka ya 1960 walipelekwa China kujifunza, na tuna watoto wanaoruka kutoka jiwe hadi jiwe kwenye vilima vya Butiama, wakitua kwa mguu mmoja bila kufundishwa na mtu. Nimekaa Mwitongo, huko huko Butiama, nikiwatazama. Wanapotua, kisigino huwa cha mwisho kugusa jiwe.

Kwenye ubao wangu kuna msichana wa kidato cha pili, mrefu kuliko wavulana wote wa darasa lake, anayeona haya kwa urefu huo na kutembea ameinama. Amefika mzunguko mmoja na nusu, kisha huanguka, na kila mara upande ule ule, wa kushoto. "Mwalimu, ubao unanikimbia," aliniambia wiki iliyopita akikung'uta sketi. Nikamwomba arudie polepole, nikapiga magoti nitazame miguu peke yake. Mikono ilikuwa sawa. Kichwa kilikuwa sawa. Mguu wa nyuma ndio ulikuwa unaondoka mapema, kabla uzito haujafika mbele, kwa hiyo alikuwa anajisukuma na kujivuta kwa wakati mmoja. Nimemchorea alama mbili za chaki kwenye mbao, moja kwa kila mguu. Kwa sasa hazunguki kabisa. Anahamisha uzito kutoka alama ya nyuma kwenda ya mbele, mara 20 asubuhi na mara 20 jioni, mgongo umenyooka, akitazama mwisho wa ubao.