Minofu ya samaki kwa ganda la karanga: kazi iko kinuni

Huku Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo, karanga na samaki ni marafiki wa siku nyingi, ila hukutana ndani ya sufuria: karanga zinasagwa, mchuzi unakuwa mzito, wali unapakuliwa. Kuzigandisha karanga juu ya mnofu na kuukaanga kwa chakula cha jioni ni kazi nyingine. Wengi wanaoijaribu huishia na karanga zilizoungua chini ya kikaango na samaki mweupe asiye na kitu juu yake. Lawama hupewa moto. Mimi naona kosa hutokea mapema zaidi, kwenye kitambaa na kwenye kinu.

Kwanza maji. Robo tatu ya uzito wa samaki, au zaidi, ni maji. Mnofu uliotoka kuoshwa ukiingia kwenye mafuta ya moto, maji hayo yanageuka mvuke, na mvuke unalisukuma ganda kutoka ndani. Kambale wa mto Lualaba au wa Luama ana kazi ya ziada, maana ana ute: msugue kwa chumvi na ndimu, mvue ngozi, kata minofu isiyozidi unene wa kidole. Tia chumvi, acha robo saa, kisha kausha kwa kitambaa safi mpaka mkono usiteleze.

Sasa kinu, na hapa sitaki haraka. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Zikitwangwa zikiwa za moto, au zikitwangwa sana, mafuta yanatoka na unabaki na uji usioshika popote. Zikaange kidogo tu, kiasi cha maganda kutoka, kwa sababu zitaiva tena kikaangoni. Zipoe kabisa. Halafu piga mchi kwa mapigo mafupi, ukichungulia kila mara, mpaka zifanane na chenga za mchele. Changanya vikombe vitatu vya karanga na kimoja cha unga wa mchele. Mchele ndio fahari ya Maniema tangu watu wa pwani walipoulima huku karne ya 19, na unga wake unanyonya mafuta kidogo kuliko wa ngano, kwa hiyo ganda linakauka na kulia mdomoni.

Pakaza mnofu unga mkavu, uchovye kwenye yai lililopigwa, ulaze juu ya karanga na ukandamize kwa kiganja. Usiukaange papo hapo. Dakika kumi za kutulia zinalipa yai na unga nafasi ya kushikana.

Moto wa mbabula uwe wa makaa yaliyoanza kuvaa majivu. Nyama ya samaki inaiva ikipita kidogo nyuzi 60, huku karanga zikianza kupata rangi kwenye 140 hivi na kuungua muda mfupi baadaye. Ndiyo maana mnofu mnene haufai: ndani utakuwa mbichi wakati nje kumekuwa kweusi. Dakika tatu au nne kila upande, na ugeuze mara moja tu. Mawese nayapenda, lakini si kwa kukaangia minofu hii. Wekundu wake unaficha rangi ya ganda, nawe unahitaji kuiona. Yatie kwenye kachumbari ya nyanya na pilipili pembeni.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu ya kuvu, ile inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo hudhuru ini la binadamu pia, na moto wa jikoni hauimalizi. Basi kabla ya kuzikaanga, zimwage karanga kwenye ungo mchana kweupe, uzichambue moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, itupe. Wala usiwape kuku.