Kumfunga mtu na akaunti yake: namna ya kuijua kazi safi

Nikiitwa kukagua kazi ya kuoanisha wafanyakazi na akaunti zao za kompyuta, sianzi na zile zilizofaulu. Naomba kwanza orodha ya akaunti zilizokosa mwenyewe. Fundi akinijibu kwamba hakuna, kwamba zote mia sita na kitu zimepata wenyewe kwa usiku mmoja, najua siku yangu itakuwa ndefu. Ofisi yoyote iliyokaa miaka kumi ina akaunti ya kijana wa mafunzo aliyeondoka zamani, ina akaunti ya mashine ya kuchapia, ina ile iliyofunguliwa kwa ajili ya semina ya siku mbili ikasahauliwa. Mfumo usiobakiza hata moja katika hizo umebahatisha, na mahali fulani ndani yake kuna mtu amevishwa akaunti isiyo yake.

Nililielewa hili vizuri Kalerwe, ninakoishi, pale Barabara ya Gayaza inapokutana na barabara ya mchepuko ya kaskazini ya Kampala. Kila asubuhi napita kando ya soko, malori ya matoke yakishusha mikungu, na kwenda siteji ya boda. Pale kila dereva ana reflekta yenye namba mgongoni. Mimi nilizoea namba 27, kwa kuwa yeye hupunguza mwendo mfereji wa Nsooba unapofurika na barabara kujaa tope. Jioni moja nikapanda 27, nikashtuka njiani kwamba sauti si ile. Kijana mwingine kabisa. Kesho yake nikamuuliza mwenyekiti wa siteji.

Hakubishana nami. Alitoa daftari lake kubwa la mistari, akalifungua juu ya tangi la pikipiki. Ukurasa ulikuwa na safu alizopiga kwa rula: namba ya reflekta, jina, picha ndogo iliyobandikwa kwa gundi, simu, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya pikipiki, na safu ya mwisho ambayo sikuitarajia: nani alimdhamini. Kwenye 27 palikuwa na mistari mitatu. Miwili ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, tarehe ikiandikwa pembeni. “Mimi sifuti, fundi,” akasema. “Nikifuta, mtu akija kulalamika ya mwaka jana nitamwambia nini?” Kisha akamwita mwenye 27 na kumwuliza mbele yangu kwa nini amemwazima mdogo wake reflekta.

Lile daftari ni bora kuliko mifumo kadhaa niliyolipwa kuikagua. Mtu ana mstari wake, reflekta ina namba yake, kati yao kuna tarehe na mdhamini. Ofisini, mstari wa mtu ni rekodi yake katika idara ya utumishi. Reflekta ni akaunti: ya barua pepe, ya hesabu, ya ghala, ya mlango wa kadi. Kinachowaunganisha ni kiungo, na ubora wote wa kazi hii umo ndani ya kiungo hicho. Kwa hiyo ukitaka kuipima, uliza maswali ya mwenyekiti yule. Kimefungwa kwa kitu gani? Nani alikidhamini? Kikikatwa, alama yake inabaki?

Swali la kwanza ndilo linalowashinda wengi, na nitakaa nalo.

Fundi mvivu hufunga kwa jina. Uganda hili ni hatari kuliko watu wa mbali wanavyodhani. Kwa Baganda jina la pili si la baba linalorithiwa na watoto wote. Kila mtoto hupewa lake katika majina ya ukoo, hivyo ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane hata herufi. Upande wa pili, majina ya mapacha hayajali ukoo. Pacha wa kiume wa kwanza ni Wasswa na wa pili Kato; wa kike ni Babirye na Nakato; anayewafuata ni Kizza. Ofisi ya watu mia tatu itakuwa na akina Kato kadhaa wasiojuana kabisa. Ongeza tahajia. Huyu anaandika Ssebunya, karani kaandika Sebunya. Kiganda huandika r baada ya e na i, na l kwingineko (lenyewe jina Kalerwe limetii kanuni hiyo: l baada ya a, r baada ya e), lakini wakati wa kujaza fomu kila mtu huandika anavyosikia. Na mpangilio: kitambulisho kinatanguliza jina la ukoo, mkataba unatanguliza la ubatizo, barua pepe inafuata alivyoona mtu wa kompyuta siku ile.

Programu za kupima ufanano wa majina zipo na zinasaidia, mradi zikae mahali pake. Zikuletee watu wawili watatu wanaoelekea kufanana, kisha binadamu aamue. Zikipewa idhini ya kufunga zenyewe, kataa kazi hiyo.

Wengine hufunga kwa namba ya simu. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliamuru laini zote zithibitishwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na kila aliyekuwapo anakumbuka foleni zile. Waliokuwa hawajapata kitambulisho walisajiliwa na shemeji, na mama mkwe, na mwajiri. Hadi leo simu iliyo mkononi mwa mtu inaweza kuwa ya mwingine kwa karatasi.

Namba ya kitambulisho yenyewe je? Hii ina nguvu. Ina tarakimu na herufi 14, huanza na CM kwa raia mwanamume na CF kwa raia mwanamke, na haibadiliki kadi inapoisha muda. Kadi zilizotolewa baada ya uandikishaji wa 2014 zilikuwa za miaka kumi. Kadi hubadilishwa, namba inabaki, na hiyo ndiyo sifa unayoitaka katika ufunguo. Lakini mhasibu wako anaweza kuwa Mtanzania wa Mwanza au Mkongo wa Bunia asiye na namba ya raia. Mchapaji anaweza kubadilisha O na sufuri. Tena ni taarifa nyeti: tangu sheria ya 2019 ya ulinzi wa data na faragha, kuitawanya namba hiyo katika kila mfumo wa kampuni ni kujitafutia kesi. Mahali pake ni utumishi, imefungiwa, itumike kuthibitisha mtu siku anapoajiriwa. Ikishafanya kazi hiyo ibaki hapohapo.

Ufunguo ninaousifu ni namba ya ajira, ile inayotolewa na idara ya utumishi siku ya kwanza, isiyo na maana yoyote ndani yake, isiyopewa mtu mwingine hata mwenyewe akifa. Hata hiyo ina adui mdogo mwenye madhara makubwa: jedwali la Excel. Namba 004172 ikifunguliwa humo kiholela inakuwa 4172, na asubuhi mfumo unakuambia mfanyakazi huyo hayupo. Nikiona orodha ya namba ambazo nyingine ni fupi kuliko wenzake, siendelei hadi nijue nani aliifungua na kwa programu gani.

Upande wa akaunti nao una utambulisho wake wa ndani. Katika Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti, kila akaunti hupewa alama ndefu isiyobadilika hata ukibadili jina au ukiihamisha idara. Kiungo kizuri hushika namba ya ajira upande mmoja na alama hiyo upande wa pili. Kiungo kibaya hushika jina la kuingilia. Na jina la kuingilia la mtindo wa zamani halizidi herufi 20: tumuhimbise.byaruhanga hukatwa na kuwa tumuhimbise.byaruhan, kisha anakuja mwingine mwenye mwanzo uleule, naye herufi yake ya mwisho inapisha 2. Binti akiolewa na kubadili jina, uzi unakatika. Jaribio langu la kwanza kwa hiyo ni rahisi: nabadilisha jina la mtu mmoja wa majaribio kule utumishi, nasubiri, kisha natazama kama akaunti imemfuata au mfumo umemzalia mtu mpya.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuidhinisha vinginevyo. Ilikuwa kampuni ya kusambaza bidhaa hapa mjini. Nilikubali kanuni ya jina la ubatizo, jina la pili na idara. Idara ya hesabu ilikuwa na akina Nakato wawili wenye jina moja la ubatizo. Mmoja aliacha kazi mwisho wa mwezi. Jumatatu mfumo ukafunga akaunti ya yule aliyebaki, siku ya kulipa wauzaji, na akaunti ya aliyeondoka ikakaa wazi wiki kumi na moja. Mama yule alinijia na mkoba mkononi. “Fundi, mimi niko hapa napumua, kompyuta yako inasema nimeondoka.” Sikuwa na jibu. Hakuna pesa iliyopotea, lakini kwa wiki kumi na moja mlango wa hesabu ulikuwa wazi kwa mtu aliyekwisha kuagwa kwa keki, na aliyeuacha wazi ni mimi.

Serikali zinaijua hali hii kwa upande wa pili wa kitambaa. Tanzania mwaka 2016 ilitangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara. Uganda imehangaika na jambo hilohilo kwa miaka mingi, na mwaka 2023 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikamilisha ukaguzi maalumu wa mishahara ya serikali. Mtumishi hewa ni mshahara usio na mtu. Akaunti yatima ni ruhusa isiyo na mtu. Anayeziona ni yule anayeanzia kwa binadamu aliye hai na kwenda kwenye karatasi. Anayeanzia kwenye karatasi hupita juu bila kuziona.

Sasa swali la udhamini. Programu nzuri hukupa njia ya kukiri shaka. midPoint, iliyotengenezwa na kampuni ya Evolveum ya Slovakia, ni ya chanzo huria na ofisi yenye bajeti ndogo inaweza kuanza nayo. Hiyo huzigawa akaunti katika mafungu: iliyokwisha kuunganishwa na mwenyewe, iliyopata mwenyewe lakini bado haijaunganishwa naye, isiyo na mwenyewe, iliyofutwa, na yenye mgogoro, yaani iliyoangukia watu zaidi ya mmoja. Hizo za mgogoro ndizo kipimo cha fundi. Tazama amezifanyaje. Kama ameweka kanuni ya “chukua wa kwanza”, amevunja chombo kizuri. Kama kila mgogoro umeandikwa aliyeuamua, siku gani, na kwa ushahidi gani, mpe mkono.

Akaunti za mashine, zile za nakala rudufu au za kutuma risiti, hazina binadamu wa kuzivaa, lakini ziwe na binadamu wa kuzijibia. Andika jina lake. Fundi mkuu naye huwa na akaunti mbili, ya kila siku na ya madaraka. Zote mbili zifungwe kwake, kwani siku akiondoka ile ya pili ndiyo yenye hatari. Na aliyerudi kazini baada ya miaka miwili arudishiwe namba yake ya zamani, asizaliwe upya.

Kuhusu kuondoka sina mengi. Utumishi ukishaandika tarehe, akaunti zote zifungwe siku hiyo bila mtu kutuma barua pepe ya kukumbushana. Kufunga, sisemi kufuta. Mwenyekiti wa siteji alikwisha kulieleza hilo.

Mwezi uliopita nilimaliza kazi ya namna hii katika ofisi ya watu wapatao mia mbili. Mabaki yalikuwa akaunti kumi na tisa. Tulikaa nazo, mimi na mama wa utumishi, chapati na maharage kati yetu, tukizipitia moja moja. Kumi na tatu zilikuwa za watu walioondoka, tukazifunga. Nne zilikuwa za mashine. Moja ilikuwa ya semina. Ya mwisho iliitwa kato2, na ilikuwa imetumika asubuhi ileile saa mbili na dakika kumi.

Akina Kato wa ofisi hiyo walikuwa watatu, na wote tulikuwa tumewafunga na akaunti zao. Mama akapiga simu ghala. Kijana aliyepokea hakuitwa Kato. Alisema alipoanza kazi, miezi minane nyuma, aliambiwa atumie ya aliyemtangulia hadi yake itakapofunguliwa, naye akasubiri. Hakuwa ameulizwa na mtu. Stakabadhi zote za ghala kwa miezi minane zilibeba jina la mtu ambaye hayupo.

Mama hakumfokea. Akamwambia, “Mwanangu, njoo juu na kitambulisho chako.” Akaja na vumbi la unga kwenye mikono, tukamfungulia akaunti yake, tukaifunga kwa namba yake ya ajira. Kwenye kato2 mama aliandika kwa mkono wake tarehe ya kufungwa, jina la mwenyewe wa awali, jina la kijana, tangu lini hadi lini, kisha akatia sahihi. Nikamwomba aongeze saa.