Simu imelala, M-Pesa inaingia

Mwaka 2011 Safaricom ilipoleta Huawei IDEOS kwa takriban Sh8,000, Android ilianza kuonekana katika mitaa ya Nairobi ya Kibera na Kawangware mikononi mwa watu wa kawaida. Betri yake ilikuwa ya mAh 1,200. Pale ambapo stima hupotea bila taarifa na watu hulipia kuchaji simu kibandani, betri hiyo isingefika jioni kama prosesa ingekesha. Basi skrini ikizimwa, Linux nayo hulala. Hata hivyo mama mboga wa Kawangware akiwa na simu mfukoni mwa aproni, mteja akishalipa, ujumbe wa M-Pesa hulia kabla sukuma wiki haijafungwa.

Chipu ya simu hiyo, Qualcomm MSM7225, ina prosesa mbili: ARM11 ya MHz 528 inayoendesha Linux, na ARM9 inayohudumia modemu. ARM11 ikilala, ARM9 huendelea kusikiliza mnara kwa vipindi. Ujumbe ukifika, huuweka kwenye kumbukumbu ambayo zote mbili huitumia pamoja, kisha hutuma intarapti, yaani ishara inayoitaka ARM11 iache yote na kushughulikia jambo jipya.

Shida ni kwamba Linux inapokwenda kulala hugandisha programu, huziambia draiva zizime vifaa vyao, halafu hufunga karibu intarapti zote. Ndivyo ilivyo tangu toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, na ni sawa kabisa: hendla, ile sehemu ya draiva inayojibu intarapti, ikigusa kifaa kilichokwisha kuzimwa inaweza kuiangusha simu nzima. Lakini kwa kufunga hivyo, mlango wa modemu nao umefungwa.

Kwa hiyo draiva hutangaza mapema. Katika msimbo wa Android wa chipu za MSM, draiva ya SMD, inayosimamia kumbukumbu hiyo ya pamoja, ikishaomba laini ya intarapti ya modemu, INT_A9_M2A_0, huita enable_irq_wake juu ya laini hiyo hiyo. Mwito huo mmoja ndio unaoiruhusu modemu kuuamsha mfumo. Skrini ya kugusa isipopewa ruhusa hiyo, aproni inaweza kusugua kioo mchana kutwa na simu isiamke.

Sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ule mwanya mfupi ambapo laini zimefungwa lakini prosesa bado haijalala. Pesa ikiingia hapo je? Kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa kawaida haikati laini kwenye chipu papo hapo, huandika tu kwamba imefungwa. Laini ikilia, kerneli haiiti hendla, bali huweka alama kuwa kuna ishara inayosubiri. Kabla ya hatua ya mwisho hukagua: je, kuna laini yenye ruhusa ya kuamsha ambayo ina alama hiyo? Ikiwepo, safari ya kulala huvunjwa kwa kosa la -EBUSY, vifaa hurudishwa, na hendla hupata zamu yake. Ujumbe haupotei.

Kuamka nako hakutoshi. Kati ya hendla na mlio wa simu kuna programu kadhaa, na mfumo ungeweza kulala tena kabla hazijamaliza. Android ilitumia weklok, kufuli linalozuia usingizi kwa muda, na rild, programu inayozungumza na modemu, hushika yake kwa jina radio-interface. Viraka vilivyoleta weklok, vya Arve Hjønnevåg, mhandisi wa Android, vilibishaniwa sana miongoni mwa watunzaji wa kerneli. Mwaka 2010 mmoja wao, Rafael Wysocki, aliingiza wakeup_count katika 2.6.36, njia nyingine ya kuhakikisha tukio halipitwi.

Kosa linalonikera ni la waandishi wa draiva wanaoweka bendera ya IRQF_NO_SUSPEND wakidhani ndiyo inayoamsha. Siyo. Bendera hiyo huiacha laini wazi wakati vifaa vinazimwa, wala haiahidi kwamba mfumo ukishalala itauamsha. Ikiwekwa kwenye kifaa cha basi ya I2C, njia ya kupitisha data kati ya chipu, madhara ni makubwa: hendla huitwa, inataka kusoma rejista, basi yenyewe imelala, usomaji unashindikana. Laini ikiwa ya aina inayobaki juu mpaka ihudumiwe, intarapti hulia tena na tena bila kikomo. Mwenye simu ataona betri imeisha na simu imepata joto, na fundi wa soko la Toi atambadilishia betri isiyo na kosa lolote.

Kwenye simu za enzi hizo fundi mwenye kebo na zana ya adb angeweza kusoma /proc/wakelocks akamjua anayezuia usingizi. Nawe unayeandika draiva leo, iwe ya simu au ya mita ya malipo ya kabla, ita enable_irq_wake kwa laini zile tu ambazo mtumiaji angelalamika zikinyamaza, na IRQF_NO_SUSPEND uiachie saa ya mfumo.