Montrose na lindo la Selkirk

Mapigano sita aliyashinda ndani ya mwaka mmoja, la saba akalilalia. Sina namna ya kuisema Philiphaugh kwa upole zaidi ya hapo.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Septemba 1645, James Graham, Markizi wa Montrose, jemadari wa Mfalme Charles I kwa Uskoti yote, alilala ndani ya nyumba mjini Selkirk pamoja na makamanda wake na sehemu kubwa ya wapanda farasi. Askari wa miguu, wale Waayalandi kama 500 waliokuwa wamebaki naye, aliwaacha ng'ambo ya mto Ettrick, kwenye uwanda wa Philiphaugh. Jemadari huku, jeshi kule, mto katikati. David Leslie naye, jemadari wa Wanaagano, Waskoti waliokuwa vitani na Mfalme, mwenye wapanda farasi kwa maelfu, alikuwa amepiga kambi usiku huo huo upande wa Melrose, maili chache tu kutoka pale, na hakuna hata mtu mmoja wa Montrose aliyekuwa na habari.

Kiwanja chenyewe hakikuwa kibaya. Ettrick ulifunga ubavu mmoja, nyuma kulikuwa na mlima wenye miti, mbele waliwahi kuchimba vijitaro. Lindo kwenye vivuko na macho mawili matatu juu ya kilima vingetosha kumpa saa moja ya kujiandaa, na saa moja ndiyo tu aliyohitaji: kuvusha farasi, kupanga safu, au kuondoka zake kwa kufuata bonde la Yarrow. Jeshi dogo lililozoea kukimbia milimani halikatazwi kukimbia. Montrose alikimbia mara nyingi, na kwa ufundi mkubwa. Ila anayekimbia lazima kwanza ajue kwamba anafukuzwa.

Na dalili haikukosekana, hilo ndilo linaloniudhi. Inasimuliwa kwamba usiku ule kikosi chake cha doria kilichokuwa Sunderland, hapo jirani, kilivamiwa, wengine wakauawa, wachache wakakimbilia Selkirk kutoa habari. Wakaambiwa huo utakuwa ugomvi wa walevi na wenyeji. Mtu anafika mlangoni usiku wa manane anahema, damu nguoni, anasema tumeshambuliwa, nawe unamuuliza alikunywa nini! Sikio la kufa halisikii dawa. Usiku huo huo Linton, mtoto wa bwana wa Traquair, aliwaondoa wapanda farasi wake kimya kimya. Watu wa nyumba ile walikuwa wenyeji, wenye ndugu kila kona ya bonde. Ofisa wa zamu aliyepata habari hizo mbili kwa usiku mmoja, asitume hata farasi kumi kwenda kuangalia barabara ya Melrose, kwangu mimi huyo hana kazi tena jeshini. Alfajiri wapelelezi wakarudi kusema hakuna adui maili kumi pande zote. Nje kulikuwa na ukungu mzito. Walipeleleza nini ndani ya ukungu ule, wanajua wenyewe.

Montrose alipata habari vita vikiwa vimekwisha kuanza. Aliruka juu ya farasi, akavuka Ettrick na wapanda farasi mia na ushei, na kwa muda waliwarudisha nyuma watu wa Leslie kwa ushujaa ambao sina ubishi nao. Wengine mjini hawakuvuka kabisa. Leslie alikwisha kutuma sehemu ya jeshi lake kuzunguka ng'ambo ya mto, na walipotokea ubavuni, mambo yakaisha. Montrose akatoka na watu wachache kwa njia ya Yarrow na kuvuka Minch Moor.

Sasa utetezi. Kasisi wake, George Wishart, aliyeandika maisha yake kwa Kilatini na kukichapisha kitabu mwaka 1647, anasema kwamba kwa kawaida Montrose alipanga walinzi yeye mwenyewe, lakini usiku ule alikuwa akimwandikia Mfalme barua, hivyo kazi hiyo akawaachia makamanda wa farasi. Wasomaji wengi wa safu hii wameulamba utetezi huu kama asali. Mimi naona ndio ushahidi wenyewe wa mashtaka. Barua ingengoja asubuhi. Mfalme mwenyewe alikuwa amekwisha kupigwa Naseby mwezi Juni, na hakukuwa na neno katika barua ile ambalo lingebadilisha kitu chochote kabla ya jua kuchomoza. Halafu hao makamanda aliowaachia hawakuwa watu wake wa vita vya milimani, walikuwa wengi wao mabwana wa mpakani waliojiunga juzi. Ukimpa mgeni ufunguo wa ghala, mwizi usimtafute mbali.

Isitoshe, nani amesema ilikuwa mara ya kwanza? Mashabiki wanaihesabu Philiphaugh kama ajali moja katika mwaka wa dhahabu. Rudini nyuma kidogo. Oktoba 1644 pale Fyvie, Argyll, kiongozi wa Wanaagano na mkuu wa ukoo wa Campbell, mtu asiyesifika kwa kasi hata nyumbani kwake, alimkuta Montrose baruti imekaribia kuisha, ikabidi vyombo vya risasi-bati vya kasri viyeyushwe kuwa risasi. Aprili 1645 pale Dundee, wakati watu wake wametawanyika mjini wakinywa na kupora, Baillie, jemadari wa Wanaagano, alikuwa amekaribia kiasi cha kuwafikia, na walinusurika kwa sababu Montrose alikuwa bingwa wa kurudi nyuma. Mwezi uliofuata, Auldearn, Hurry, kamanda mwingine wa Wanaagano, alimvizia usiku wa mvua. Kilichomwokoa ni askari wa Hurry kuzifyatua bunduki zao ili kusafisha baruti iliyolowa, na walinzi wa Alasdair Mac Colla, kamanda wa Waayalandi wake, wakasikia mlio. Mara tatu alinusurika kwa uhodari wa vikosi vyake au upumbavu wa adui. Leslie hakuwa mpumbavu.

Najua mtaniambia kwamba baada ya ushindi wa Kilsyth Mac Colla aliondoka na baadhi ya Waayalandi na wengi wa watu wa milimani kwenda kumaliza ugomvi wake na akina Campbell, na Aboyne akaondoka na wapanda farasi wa ukoo wa Gordon. Kweli tupu. Aliyebaki na nusu ya jeshi ndiye anayepaswa kuweka lindo mara mbili. Tena Gordon walikuwa hivyo tangu mwanzo, na baada ya kijana wao mkubwa kuuawa kwenye mapigano ya Alford hapakuwa na mtu wa kuwashika.

Kazi nzuri nayo isemwe: matembezi ya Februari 1645 kupita Glen Roy kwenye theluji na kumtokea Argyll Inverlochy kutoka upande asiotarajia ni kazi safi kuliko zote za vita vile, na Argyll, aliyeitazama kutoka kwenye merikebu yake majini, hahitaji maneno yangu. Leslie naye, kwa kugeuza jeshi zima pale Gladsmuir mara alipoambiwa Montrose yuko upande wa mpakani, badala ya kuendelea kwenda Forth kumkatia njia, anastahili alama zote.

Na kwa kuwa nimeitaja Kilsyth, niruhusiwe kuirudia hoja yangu ya siku zote kuhusu kamati. Wanaoisifu Kilsyth kama kilele cha kipaji cha Montrose wanasahau kwamba upande wa pili Baillie aliamriwa na kamati ya Wanaagano avushe jeshi zima mbele ya pua ya adui ili kumzunguka. Na kamati yenyewe ilikuwa na nani? Argyll aliyepigwa Inverlochy, Elcho aliyepigwa Tippermuir, Burleigh aliyepigwa Aberdeen. Watatu walioshindwa walimwelekeza wa nne namna ya kushinda. Ushindi wa namna hiyo unalevya. Mwezi mmoja baadaye mshindi alikuwa Selkirk akiamini hakuna tena jeshi la Wanaagano lenye meno, huku akiitisha bunge likutane Glasgow mwezi Oktoba.

Linganisheni na mtu aliyewahi kuimiliki nchi ile ile ya Ettrick. James Douglas, mkono wa kulia wa Mfalme Robert Bruce, aliishi na kupigana katika msitu huo zaidi ya miaka 300 kabla ya Montrose. Februari 1314 aliiteka ngome ya Roxburgh kwa kuwafanya watu wake watambae gizani chini ya majoho meusi. Walinzi waliwaona, wakadhani ni ng'ombe waliosahauliwa nje. Yaani Douglas aliishi kwa kula uzembe wa malindo ya wengine, kwa hiyo lake hakulichezea. Kabla ya mapigano ya Bannockburn, Bruce alimtuma yeye na Keith wakalitazame jeshi la Waingereza kwa macho yao, na habari mbaya waliyoileta akaipokea kama ilivyokuwa. Montrose alikuwa na akili ya Bruce ya kuchagua kiwanja na kasi ya kuwashinda wote wawili. Subira ya kusikiliza habari mbaya usiku hakuwa nayo.

Gharama walilipa wengine. Waayalandi walisalimu amri kwa ahadi ya kuachiwa roho, kisha wakauawa, pamoja na wanawake na watoto waliofuata kambi, huku wahubiri wakimshinikiza Leslie. Ni aibu ya Wanaagano na wala siwapunguzii. Ila wale wanaolia kwa Philiphaugh tu wakumbuke kwamba tarehe hiyo hiyo, 13 Septemba, mwaka mmoja kabla, Montrose aliwaachia askari wake mji wa Aberdeen. Tena mwaka 1639 aliingia mji huo huo akiwa upande wa Agano alilolisaini mwenyewe mwaka 1638. Raia wa Aberdeen hawakuwa na sababu ya kumpenda akiwa na bendera yoyote ile.

Kama bado mnasema ni ajali, basi nielezeni Carbisdale. Aprili 1650 amerudi kutoka ng'ambo, safari hii kwa jina la Charles II, akiwa na watu kama 1,200, wengi wao vijana wa Orkney ambao hawajawahi kuona vita. Strachan, kamanda wa Wanaagano, aliwaficha wapanda farasi wake vichakani, akaonyesha kikosi kimoja tu. Wapelelezi wakahesabu walichoonyeshwa, Montrose akaamini na kubaki bondeni badala ya kukaa juu mlimani. Alipoanza kurudi kwenye miti alikuwa amekwisha kuchelewa. Wiki chache baadaye, tarehe 21 Mei, alinyongwa Edinburgh, na wengi wameandika vizuri sana kuhusu mavazi yake na utulivu wake siku ile. Mimi nabaki na hesabu ya farasi. Strachan alikuwa nao zaidi ya 200. Montrose alikuwa nao kama 40, na hao hao aliwatuma wapeleleze, kisha akawategemea kuwa kinga ya mbele ya jeshi zima.