Majina ya Kiingereza, Nyimbo za Kinyarwanda

Albamu ya The Good Ones iitwayo Rwanda, You Should Be Loved ilitoka mwaka 2019. Ilirekodiwa shambani kwa Adrien Kazigira, mtunzi wao. Niliisikiliza hapa Kigali, kwa simu, na kilichonikera si muziki bali majina. Nyimbo zimeimbwa kwa Kinyarwanda, lakini majina yake ni ya Kiingereza. Mume hajafungua kinywa kumsifia mkewe, nami nimeshaambiwa kwamba mke huyo ni mzuri kama machweo ya jua. Ni kitendawili kinachoteguliwa kabla hatujaitikia "tega".

Wamo wageni pia, akiwemo Nels Cline wa kundi la Wilco na Kevin Shields wa My Bloody Valentine, mtu wa magitaa yanayovuma kama ndoto. Nilihofia wangewafunika wenyeji. Hawakuwafunika. Ninachokumbuka ni zile sauti zinazoitikiana, na gitaa kavu lisilo na haraka. (Marafiki zangu wanasema ni muziki wa wazee. Basi mimi mzee.)

Wahakiki wengi wa nje huanza na mwaka 1994. Siwalaumu, kwa kuwa waimbaji ni manusura wa mauaji ya kimbari. Lakini humo mna wimbo wa soka wenye jina linalotaja kiangazi cha 1988. Nilimpigia mama wimbo huo. Akaanza kunisimulia uwanja wa mpira wa kijijini kwao, na nani alikuwa golikipa, habari ambazo hakuwahi kunipa.